KIPINI CHA PUA: TUMEBISHANA VYA KUTOSHA, SASA TUTAZAME KIDONDA



Ndugu zetu Waislamu, kina baba, kina mama, na nyinyi wanafunzi mnaorudi likizo na vipini vipya puani. Kila sifa njema ni za Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake.

Hapa Kafutuma, na kando yote hii ya Ziwa Mweru, kila binti anapotoboa pua huzuka mjadala ule ule. Baba anasema ni haramu. Mama anasema mbona bibi yangu alivaa. Shangazi anasema hayo ni mambo ya Wahindi. Mjadala unakwenda mpaka adhana ya Isha, watu wanatawanyika, na binti analala na kipande cha bati puani. Katika wabishi wote wale hakuna hata mmoja aliyekigeuza kile kipini akauliza: hiki ni madini gani? Kina urefu gani? Nani amekutoboa, na kwa sindano gani?

Sisi tunasema wazi: huko SIKO kuilinda dini. Huo ni uvivu uliovaa kanzu.

Tumemwona binti wa hapa hapa kwetu. Alitobolewa na mwenzake kwa pini ya nguo, akavishwa hereni ya sikio puani, kikufuli kikabanwa mpaka mwisho. Siku ya nne pua ikavimba. Alificha kwa mtandio, kwa sababu alijua nyumbani kuna makelele yanamsubiri. Alipokuja kufunuliwa, kikufuli kilikuwa kimezama ndani na nyama imeanza kukifunika. Kliniki ilibidi wamchane ili kukitoa. Leo ana kovu. Sasa tuulizane kwa ukweli: makelele yetu yalimkinga na nini? Yalimfundisha kuficha usaha, basi.

WANAZUONI WALIULIZA SUALI AMBALO SISI TUMELISAHAU

Wanaopiga meza wakisema haramu, na wanaopiga meza wakisema halali, wote wangefaidika kusoma. Imam al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alikuwa mkali hata katika kutoboa MASIKIO ya wasichana. Sababu yake? Alisema hilo ni jeraha lenye kuumiza, na mwili haujeruhiwi bila haja. Ibn Hajar al-Haytami, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu yetu ya Shafi, aliikataza pua katika kitabu chake cha Tuhfa kwa kuwa aliona pambo hilo ni la kikundi kidogo tu na desturi ya watu wengi haiitambui. Naye Ibn Abidin wa Damascus, wa madhehebu ya Hanafi, aliyefariki 1836, alisema kwamba katika miji ambayo wanawake hujipamba hivyo, pua huwa kama sikio.

Tazameni vizuri. Mmoja anatazama jeraha, wawili wanatazama desturi. Kwa hiyo ikhtilafu ipo, na aliyechukua upande mmoja asimtukane wa upande wa pili. Lakini juu ya jambo moja hakuna ikhtilafu: kujidhuru na kudhuru wengine hakufai, na mwili ni amana. Hata anayeruhusu kipini hajaruhusu kipini kinachoozesha pua!

Na desturi tusiisingizie ugeni. Pwani, kuanzia Lamu hadi Unguja, kipini, kishaufu na hazama ni majina ya zamani. Karl Weule, msomi wa Kijerumani aliyetembea kusini ya Tanganyika mwaka 1906, aliwakuta wanawake wa huko wamevaa vipini vya mpingo vilivyonakshiwa kwa bati. Na huku kwetu pia Waislamu hawakufika jana. Livingstone alipofika kwa Mwata Kazembe mwezi Novemba 1867 alimkuta Muhammad bin Salih, mfanyabiashara aliyekwisha kaa huko miaka mingi. Misafara ile ilileta lugha, dini, nguo na mapambo. Tofauti ni kwamba kipini cha zamani kilikuwa na mwenyewe: bibi alikijua, fundi alikijua. Cha leo kinatoka kwenye kadi ya plastiki sokoni, hakina baba wala mama.

KIPINI CHA KUFAA NI KIPI?

Kwanza, MADINI. Vitu vingi vya bei ya fungu la nyanya vina nikeli ndani yake, juu vimechovywa rangi ya dhahabu. Rangi ikibanduka, nikeli inagusa kidonda. Mwili ukishaizoea nikeli kama adui, mzio huo huwa wa maisha: leo pua, kesho buckle ya mkanda, keshokutwa saa ya mkononi. Umoja wa Ulaya uliweka sheria juu ya nikeli mwaka 1994, na mwaka 2004 ukaweka kwamba pambo la kuingia kwenye tundu la mwili lisitoe zaidi ya mikrogramu 0.2 kwa sentimita moja ya mraba kwa wiki. Wenzetu wamepima mpaka hapo, sisi hata kuuliza hatuulizi.

Kwa tundu jipya kinachofaa ni titani ya daraja la hospitali, au dhahabu ya KWELI ya karati 14 kwenda juu isiyochanganywa na nikeli. Fedha nayo, pamoja na uzuri wake, ingoje mpaka kidonda kipone. Ndani ya kidonda kibichi hupiga weusi na huweza kuacha doa. Ya kuchovya msiiguse kabisa.

Pili, KIPIMO. Hereni ya sikio si kipini cha pua! Ncha yake inachoma ukuta wa ndani ya pua, na kikufuli chake kikilegea usingizini binti anaweza kukivuta kwa pumzi mpaka kwenye mapafu. Unene wa kipini cha pua kwa kawaida ni milimita 0.8 au 1. Mtoto wa kike akitobolewa leo avae chenye nafasi kidogo, kwa sababu pua itavimba. Uvimbe ukiisha, abadilishiwe kifupi kinachokaa vizuri. Kifupi mno kinazama, kirefu mno kinanasa. Na sisi wenye kuvaa mtandio na nikabu tunajua kunasa ni nini: unavua nguo kwa haraka ya swala, kipini kinakwenda na kitambaa. Kwa hiyo chagueni kichwa kidogo, laini, kisicho na kucha za kushikilia jiwe. Bora kiwe na kitako bapa kwa ndani, au mkia uliopindwa. Pete ya pua ingoje. Kwenye kidonda kibichi inazunguka kila saa na kukichokonoa.

Tatu, MKONO UNAOTOBOA. Sindano iwe mpya, ifunguliwe mbele ya macho yenu, itumike mara moja itupwe. Si pini ya nguo, si mwiba, si sindano iliyopitishwa kwenye moto wa kibiriti. Virusi vya homa ya ini aina ya B hukaa hai nje ya mwili kwa siku saba au zaidi, na Ukimwi nao hausambazwi kwa zinaa peke yake. Ile bunduki ya kutobolea masikio pia isiguse pua: inaponda gegedu badala ya kutoboa safi, na nyingi haziwezi kuchemshwa zikatakasika. Gegedu likiingiwa na wadudu, pua hupoteza umbo lake.

Nne, MATUNZO. Tundu la pua huchukua miezi minne hadi sita kupona, wengine hata zaidi. Lioshwe kwa maji ya chumvi safi ya dukani la dawa, mikono ikiwa imenawiwa kwa sabuni. Msilioshe kwa maji ya ziwa, ambamo tunaosha samaki, vyombo na nguo. Binti asiogelee mpaka apone.

Na wudhu? Maji lazima yafike kwenye ngozi inayokizunguka kipini. Kilichobana mpaka kuzuia maji ni kibaya kwa afya na kwa ibada pia. Kupandisha maji puani ni sunna kwetu Mashafi, basi kidonda kikiwa kibichi apandishe kidogo tu na kwa upole, kama afanyavyo aliyefunga, tena kwa maji yaliyochemshwa yakapoa. Ikiwa maji yenyewe yanadhuru kidonda, amuulize sheikh. Sheria ina njia zake kwa majeruhi.

Pua ikiwa nyekundu, ya moto, inauma zaidi kila siku au inatoa usaha, aende kituo cha afya SIKU HIYO. Asikitoe kipini mwenyewe. Tundu linaweza kujifunga na usaha ukabaki ndani.

WATAKAOTUPINGA

Wapo watakaosema: "Mnafungua mlango!" Ndugu yetu, mlango uko wazi zamani. Binti wanatobolewa bwenini usiku, kwa tochi ya simu. Ukitaka kukataza nyumbani kwako, kataza, ni haki yako. Lakini kaa naye umweleze, na umwambie pia kwamba siku akiumia aje kwako kwanza. Katazo linalomfanya mtoto afiche ugonjwa limeshindwa kazi yake.

Wapo watakaosema: "Titani tutaipata wapi Nchelenge? Mchagua nazi hupata koroma." Tunajua hali zetu. Mvuvi wakati ziwa limefungwa hana pesa ya madaha. Lakini kipini si unga wala dawa! Hakuna aliyekufa kwa kukikosa. Anayesafiri Lusaka, Lubumbashi au Dar es Salaam aagizwe. Mwenye kipande cha dhahabu ya mama yake akipeleke kwa sonara anayeaminika. Asiye na vyote viwili ASUBIRI. Pua haikimbii.

Na nyinyi wenzetu mnaouza: mnaapa kwa jina la Allah kwamba ni dhahabu, na mnajua ni shaba. Kuficha aibu ya bidhaa ni kudanganya, na hii bidhaa inaingia ndani ya mwili wa mtoto wa mwenzako. Semeni kweli hata ikipunguza mauzo.

Basi, wazazi, Ijumaa hii kabla ya kufufua ubishi ule, muite binti yako kwa upole. Mwambie alete kipini. Kitazame. Mwulize kama kinauma. Suali hilo dogo limekuwa gumu kwetu kuliko fatwa zote tulizozitoa kibarazani.

Allah atupe macho ya kuona na nyoyo za huruma.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.