Seli Si Duara la Ubaoni

Msomaji kijana, ukiulizwa seli ni nini, huenda mkono wako ukakimbilia kalamu kabla akili haijakimbilia jambo. Utachora duara, na ndani yake duara dogo; utaandika "kiini", na alama utazipata. Nami nasema kuwa alama hizo ni za uchoraji. Kijana wa Migori au Homa Bay aingizwaye katika elimu ya viumbe kwa mlango huo amedhulumiwa, maana ni mahali pachache duniani ambapo seli ina habari nzito kuliko kwao.

Fikiri darasa moja la huko. Dawati moja ni tupu. Mwenyewe yuko hospitalini, mifupa yamuuma na macho yamegeuka manjano, na majirani wananong'ona kwamba amerogwa. Saa hiyo hiyo wenziwe wananakili duara, wala hapana aliyewaambia kuwa kilichomlaza mwenzao ni seli. Chembe nyekundu ya damu, ambayo kwa kawaida ni ya mviringo na laini, yaweza kupindika kama mundu, ikakakamaa na kuziba mishipa myembamba. Ndiyo selimundu. Tena chembe nyekundu iliyokomaa haina kiini hata kidogo. Basi lile duara la ubaoni limemdanganya mwanafunzi juu ya chembe iliyompasa kuijua kwanza.

Sehemu kubwa ya habari hii ilifumbuliwa katika nchi hii hii. Mwaka 1949 Anthony Allison, aliyelelewa Kenya, alipima damu za watu wa sehemu mbalimbali, akaona kuwa urithi wa mundu ni mwingi pwani na kando ya Ziwa Viktoria, bali katika nyanda za juu ni haba. Akajiuliza: kitu kiuacho watoto hudumuje vizazi na vizazi? Mwaka 1954 alichapisha jawabu: aliyerithi mundu kwa mzazi mmoja tu hukingwa na malaria kali. Mbu wa ziwani na damu ya watu wa ziwani vimefungwa kamba moja. Na wazazi wote wawili wakiwa na urithi huo, kila mimba ina nafasi moja katika nne ya kuleta mtoto mgonjwa. Mwalimu aanzapo hapa, maswali huja yenyewe: utando wa chembe ni kitu gani? Amri ya umbo lake hutoka wapi?

Wako wasemao kuwa shule zetu hazina vyombo. Hadubini moja, ngozi nyembamba ya kitunguu na tone la iodini hutosha kuonyesha kuta za seli na viini vyake. Hata hadubini ikikosekana, kipande cha kiazi hulegea katika maji ya chumvi na kukakamaa katika maji matupu, na sababu imo selini. Robert Hooke mwaka 1665 alitazama kizibo tu, akaona vijumba vitupu. Sisi hatujapungukiwa na vizibo.

Wengine wasema kuwa kuutaja ugonjwa ni kuwaaibisha wagonjwa. Hoja hii naiheshimu. Mwanafunzi asichomwe sindano darasani, wala asiulizwe mbele za watu damu yake ni ya namna gani. Fundi wa maabara ya hospitali aweza kuombwa kioo chenye damu isiyo na jina la mtu. Lakini kimya chetu hakikumsitiri mgonjwa hata siku moja. Kiliwaachia wanong'onaji uwanja, nao wakamtafuta mchawi, mara nyingi bibi kizee wa jirani.

Mtihani? Aliyeielewa seli huichora mara moja.

Basi hadubini na itolewe kabatini, iwekwe dirishani penye mwanga. Na yule wa dawati tupu atakaporudi, aikute zamu yake ya kutazama imehifadhiwa.