Ndege Gani, Mshairi?

Nimezisoma tungo nyingi ambamo ndege huruka, huimba na kulia, kisha beti zikakoma bila msomaji kujua ni ndege gani. Neno lenyewe limekwisha kuelemewa: eropleni ni ndege, na hata ishara ya heri au shari wahenga waliiita ndege. Mtunzi anayelitumia peke yake humwachia msomaji kazi iliyo yake yeye.

Mshairi wa Arusha hana udhuru. Kutoka hapa Lemara hadi Ziwa Duluti, karibu na Tengeru, ni mwendo mfupi wa daladala, na msitu unaolizunguka umehifadhiwa. Mbele zaidi ipo Hifadhi ya Taifa ya Arusha, iliyoanzishwa mwaka 1960, yenye kreta ya Ngurdoto na maziwa ya Momella.

Mtazame hondohondo wakati wa kutaga. Jike huingia katika tundu la mti, mlango ukazibwa kwa udongo, ukabaki ufa tu. Humo gizani huatamia mayai yake, naye dume humpitishia matunda kwa ufa huo majuma na majuma. Tumeandika mashairi mangapi ya mahaba yaliyojaa waridi, ilhali ndoa kama hii imo juu ya vichwa vyetu? Na mnana je? Dume husuka kiota, jike huja kukikagua. Kikikataliwa, dume hukifumua akaanza upya. (Laiti wanafunzi wangu wangalizifumua insha zao hivyo!)

Usahihi nao una haki yake. Heroe huja Momella kula. Heroe wadogo wa Afrika Mashariki hutaga hasa Ziwa Natron. Atakayeimba makinda ya heroe yakianguliwa Momella atachekwa na kila aliyefika huko.

Kamusi zetu hazitoshi, kwani mara nyingi hutuambia tu kwamba kitajwa ni aina ya ndege, basi. Waongoza watalii nao wengi hutaja majina kwa Kiingereza. Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaotaka istilahi zibuniwe mezani. Wazee wa Kimeru na wa Kiarusha waliokulia kandokando ya misitu hii wanayo majina, na Kiswahili hakijapata kuona haya kukopa. Waulizwe kwanza, wangali hai. Aendaye achukue daftari, na asimame mbali na kiota: ndege aliyefurushwa juu ya mayai huyaacha yakapoa.