Wanaotoka Mnatusomea, Wanaorudi Je?

Kila sikukuu ya Muungano, 26 Aprili, na ya Uhuru, 9 Desemba, tunajua namba ya wafungwa waliosamehewa itasomwa. Mwaka 2017, pale Dodoma, Rais Magufuli alitangaza msamaha kwa wafungwa 8,157. Miaka miwili baadaye, Mwanza, wakawa 5,533. Aprili 2021 Rais Samia akasamehe 5,001. Kati yao 1,516 wakatoka na 3,485 wakapunguziwa vifungo. Hesabu imenyooka hadi mtu wa mwisho. Sasa sisi tunaoishi nao huku mitaani tunauliza: katika hao, wangapi wameshikwa tena? Kwa makosa gani? Baada ya muda gani? Namba hiyo hatujawahi kuisikia sikukuu yoyote.

Msituelewe vibaya, hatuupingi msamaha. Katiba, ibara ya 45, imempa Rais mamlaka hayo, na wengi wetu tuna ndugu waliotoka kwa njia hiyo: mzee wa zaidi ya miaka 70, mama aliyeingia na mimba, mgonjwa ambaye familia ilitaka afie nyumbani. Kinachotuumiza ni kwamba kazi ya serikali inaishia getini, na kuanzia hapo mzigo ni wetu.

Mwenyekiti wa mtaa anajua kijana karudi pale anapomwona kijiweni. Hakuna barua, hakuna simu, hakuna afisa aliyepita kuuliza kama ana pa kulala. Chumba chake kina mpangaji mwingine. Kitambulisho cha NIDA hakijulikani kilipo. Wale walioingia kabla ya Januari 2020, laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilipofungwa, wametoka wakakuta hata namba zao za simu zimekufa. Bila kitambulisho huwezi kusajili laini. Bila simu hakuna tajiri wa kukukabidhi bodaboda. Mikopo ya halmashauri ya asilimia 10 imegawiwa wanawake, vijana na wenye ulemavu, nayo inataka kikundi. Nani atamwingiza kwenye kikundi chake mtu aliyetoka jela wiki iliyopita?

Wenye maduka nao wana lao. Wanasema kila wakisikia msamaha umetangazwa wanaongeza kufuli, kwa sababu hakuna anayewaambia nani katoka na alifungwa kwa nini. Tunaambiwa wabakaji, majambazi wenye silaha na wauza unga kwa kawaida hawamo kwenye orodha. Tunashukuru. Lakini aliyevunjiwa nyumba angependa kuambiwa kwamba aliyemvunjia yuko nje, asikutane naye tu sokoni siku moja. Ikipotea mita ya maji usiku, mlango wa kwanza kugongwa ni wa yule aliyetoka, awe kaiba au hakuiba. Na hasira ya mtaa mnaijua inakoishia.

Wazazi wanasema wao ndio wanaofungwa mara mbili. Mtoto akiwa ndani, nauli za kwenda kumwona zinatoka kwenye mtaji wa vitumbua. Akitoka, wanamlisha huku wakiogopa atakavyoamka kesho. Wanauliza: huko ndani alifundishwa nini? Tunajua gereza la Karanga kule Moshi wanashona viatu, la Ukonga wanatengeneza samani, na wafungwa wanalima mashamba makubwa ya magereza. Kazi ipo. Lakini fundi viatu anayetoka bila sindano wala ngozi hana tofauti na asiyejua kushona. Mtu amefanya kazi miaka minne, kwa nini asitoke na vifaa vya kuanzia ufundi uleule mliomfundisha?

Halafu kuna msongamano. Magereza yetu yamejengwa kwa watu wasiofika 30,000, na kwa miaka mingi karibu nusu ya waliomo ni mahabusu, watu ambao kesi zao hazijaisha. Upelelezi haujakamilika, tarehe inasogezwa, na kijana aliyekosa mdhamini analala chumba kimoja na aliyebobea. Samaki mkunje angali mbichi, sawa, lakini humo ndani nani anamkunja? Anaingia kibaka wa simu, anatoka anajua njia za watu wakubwa. Kisha magereza yanajaa, unakuja msamaha wa kupunguza watu, na mzunguko unaanza upya.

Njia nyingine hazikosekani, na tumezitungia sheria wenyewe. Sheria ya Bodi za Parole ni ya mwaka 1994: mfungwa atoke mapema, lakini chini ya uangalizi na kwa masharti. Sheria ya Huduma kwa Jamii ni ya mwaka 2002: mwenye kifungo kisichozidi miaka mitatu afagie hospitali, apande miti shuleni, jioni arudi kwa wanawe. Hizo ndizo tunazozitaka, maana zinamfuata mtu hadi kwake. Mbona mtaani kwetu bado tunaona mtu anakwenda jela kwa kukosa faini? Tume ya Haki Jinai chini ya Jaji Mkuu mstaafu Chande ilikabidhi ripoti yake Julai 2023. Wananchi tulizungumza mbele yake. Tunasubiri kuona tuliyoyasema yakifika gerezani na mtaani.

Basi tunasema hivi. Siku mnayotangaza waliosamehewa mwaka huu, tangazeni na waliosamehewa mwaka jana wako wapi: wangapi wanafanya kazi, wangapi wamerudi ndani. Mwenyekiti wa mtaa apewe taarifa kabla ya geti kufunguliwa, na aliyeumizwa naye aambiwe. Anayetoka apewe kitambulisho, nauli na vifaa vya kazi aliyojifunza. Awepo afisa wa kumtembelea mwaka wa kwanza. Wa makosa madogo wafanye kazi za jamii mbele ya macho yetu. Mkishindwa hayo, msituambie mmepunguza wafungwa. Mtakuwa mmewahamishia kwetu, na sisi hatuna bajeti.