Wakubwa wetu, mashauri yametutosha: fungueni milango

Sisi vijana raia wa Lubumbashi tunaandika maneno haya kwa watu wa aina mbili: wale waliosoma hapa mbele yetu na leo wana kazi nzuri, na wale wanaoongoza masomo ya juu katika muji huu. Mara kwa mara munaitana pamoja, munakaa mbele ya wanafunzi na munazungumza juu ya mambo matatu: kazi, universite na michezo. Tunakuja kuwasikiliza. Tunaandika katika kayé zetu. Kiisha munapiga picha, munapanda magari yenu, na sisi tunapanda taksi-bisi kurudi Kenya, Katuba, Ruashi na Kampemba na mashauri yaleyale ya mwaka uliopita.

Hatukatai mashauri. Mukubwa akisema, mudogo anasikiliza, ndivyo tulivyolelewa. Lakini leo tunataka kusema wazi: Lubumbashi haikosi washauri. Inakosa milango. Na ufunguo wa ile milango, mwingi uko mufukoni mwenu.

Munatuambia: «Musingojee serikali. Jiundieni kazi.» Wakubwa, somo lile tulilijua mbele ya kuingia shule. Katika inchi hii linaitwa Artikle 15, nalo ni la zamani kuliko diplome zetu. Mwenzetu mwenye lisansi ya uchumi anayeuza uniti za simu chini ya paraso amejiundia kazi. Muhandisi wa madini anayeendesha moto-taksi amejiundia kazi. Yule dada aliyesoma sheria na anayeuza maandazi mbele ya mulango wa mama yake amejiundia kazi. Hakuna anayekataa kuamka mapema. Shida ni hii: miaka mitano ya kusoma, iliyolipwa na minervali ambayo mama alitafuta franka kwa franka sokoni, inaishia pahali ambapo hata mutu asiyesoma angefika. Hapo siyo kujiunda, ni kupoteza.

Tukumbushane basi njia mulimopita ninyi.

Universite ya muji huu ilifungua milango mwaka 1956, Lubumbashi ikiwa bado inaitwa Élisabethville. Mwaka 1971 iliunganishwa na zingine kuwa Universite ya Taifa ya Zaire, na mwaka 1981 ikarudi kusimama yenyewe kwa jina la Universite ya Lubumbashi. Wengi kati yenu mulisoma katika miaka ile. Serikali ilikuwa inatoa bursi. Gécamines, iliyochukua pahali pa Union Minière mwaka 1967, ilihitaji wahandisi, waganga, wahasibu na walimu wa shule zake. Katika miaka ya 1980 ilikuwa inatoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Hatusemi kama maisha yalikuwa mepesi. Kulikuwa udikteta, na usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei 1990 wanafunzi walishambuliwa ndani ya kampusi yenyewe. Hatutasahau. Lakini kati ya diplome na kazi kulikuwa barabara, na barabara ile ilionekana.

Ilivunjika mbele hatujazaliwa. Mugodi wa Kamoto uliporomoka mwaka ule wa 1990. Mishahara ikaanza kuchelewa, kiisha ikakosekana. Kuanzia mwaka 2003, Gécamines iliachisha kazi watu zaidi ya 10,000 kwa mupango ulioitwa «kuondoka kwa kupenda», na feza za Benki ya Dunia. Baba zetu wengi wako katika hesabu ile. Wengine kati yetu walikuwa bado wananyonya. Kwa hiyo mutu aliyepita barabara ikiwa nzima asituambie kama tumechelewa kufika sababu ya uvivu.

Mutajibu: sasa hali imebadilika, kampuni zimerudi. Ni kweli. Leo inchi yetu inatoa zaidi ya tani milioni 2 za shaba kwa mwaka, kitu ambacho Gécamines haikufikia hata siku za nguvu yake. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inatoka katika udongo wa Haut-Katanga na Lualaba. Malori yanapita usiku na muchana kwenda Kasumbalesa. Kazi basi iko. Inapita wapi?

Inapita katika simu. Nafasi inafunguka, mukubwa mumoja anamupigia mwenzake, mwenzake ana mutoto wa shemeji, na wiki inayofuata mutoto wa shemeji anavaa kofia ya mugodi. Tangazo linatoka kiisha, ikiwa linatoka, ili karatasi zionekane sawa. Wengine wanaingizwa na kampuni ndogo zinazopewa kazi na zile kubwa, na huko ndiko kunaombwa «kitu kidogo» mbele ya kusaini kontra. Na likitoka tangazo la kweli, linaomba uzoefu wa miaka 3 ao 5. Staji ndiyo ingetupa uzoefu ule. Lakini staji nayo inapatikana kwa kujuana, na mara nyingi hailipi hata transporti. Mutoto wa Katuba atalipa nini kwenda Kipushi kila asubuhi, miezi mitatu, kufanya kazi ya bure?

Kuna na jambo la diplome zenyewe. Kwa mupango wa zamani, lisansi ilikuwa miaka 5: graduwa 3 na lisansi 2. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022, na mupango mupya wa LMD, lisansi ni miaka 3, na masta ndiyo inafikisha 5. Neno ni lilelile, miaka siyo ileile. Tangazo likisema «lisansi» tu, ni lisansi gani? Aliyesoma miaka 5 anashushwa, aliyesoma miaka 3 anafukuzwa mulangoni. Jambo lile halihitaji feza. Linahitaji wakubwa wa universite na wakubwa wa kampuni kukaa meza moja nusu siku na kuandika karatasi moja.

Sasa tufike kwa michezo, sababu katika mikutano yenu munaiweka mwisho, kama chumvi juu ya meza. Sisi tunaona ndiyo yenye somo kubwa.

TP Mazembe ilizaliwa wapi? Shuleni. Mwaka 1939, wamisionari Wabenedikto waliokuwa wakiongoza shule ya Saint-Boniface waliunda timu kwa ajili ya wanafunzi wao. Kutoka kwenye kiwanja kile cha shule kulitoka timu iliyochukua kombe la mabingwa wa Afrika mara 5: 1967, 1968, 2009, 2010 na 2015. Mwezi wa Desemba 2010 ikawa timu ya kwanza ya Afrika kufika finali ya Kombe la Dunia la Klabu, ikacheza na Inter Milan. Mwaka 2024 dada zetu wa Mazembe nao wakachukua kombe la mabingwa wa Afrika la wanawake. Muji wote uliimba. Hakuna aliyeuliza kabila la mufunga bao.

Kwa nini mupira unafaulu pale kazi inaposhindwa? Sababu mupira unachezwa muchana, mbele ya watu. Mwalimu wa timu anaweza kumupanga mutoto wa rafiki yake, lakini kufika dakika ya ishirini Kamalondo nzima itaona kama hajui kupiga pasi, na itapiga kelele. Jina la baba halifungi bao. Katika kazi zetu hakuna anayeona jaribio, hakuna anayejua matokeo, hakuna wa kupiga kelele. Tunachoomba kwa ajira ni kile ambacho muji huu umekwisha kukubali kwa mupira: watu wajaribiwe mahali wanapoonekana.

Na michezo ya universite yenyewe? Munasema «akili nzuri katika mwili muzuri», lakini angalieni mwanafunzi anayecheza anavyoishi. Mechi inapangwa siku ya mutihani, na hakuna anayemupa mutihani wa pili. Viatu ni vyake, transporti ni yake, akivunjika muguu dawa ni za familia. Kwa wasichana ni mubaya zaidi: mara nyingi timu yao inakumbukwa siku mugeni mukubwa anakuja. Hivi tunapoteza watu mara mbili, tunapoteza muchezaji na tunapoteza musomi.

Mufano tunao. Dikembe Mutombo, mutoto wa Kinshasa, alifika universite ya Georgetown kule Marekani mwaka 1987 na bursi ya masomo. Alitaka kuwa muganga. Mupira wa kikapu ulimukuta akiwa mwanafunzi, na haukumutoa darasani: mwaka 1991 alimaliza na diplome ya lugha na diplomasia, kiisha akaingia NBA. Mwaka 2007 hospitali aliyoijenga kwa jina la mama yake ilifunguliwa Kinshasa. Alikufa tarehe 30 Septemba 2024, na inchi nzima ilimulilia. Aliweza kuwa vyote viwili sababu universite yake ilikuwa na pahali pa vyote viwili. Bismack Biyombo naye alizaliwa hapa kwetu Lubumbashi mwaka 1992. Yeye alipitia Hispania akiwa bado kijana, na mwaka 2011 akachaguliwa na NBA. Tunajivunia naye sana. Lakini tuulize: wangapi wenye urefu wake na akili yake walibaki hapa, bila kiwanja na bila bursi?

Hatusemi kila mwanafunzi atakuwa Mutombo. Michezo ni kazi nyingi kuliko kucheza. Inahitaji waganga wa mifupa, wahasibu, waandishi wa habari, warefa, wanasheria wa mikataba, walimu wa mazoezi. Muji wenye Mazembe, Lupopo na Don Bosco ungeweza kuwafundisha wote hawa ndani ya universite zake, na timu za wanafunzi zingekuwa pahali pao pa staji.

Tunajua jibu litakalokuja: «Feza hakuna.» Kwa mambo mengine ni kweli, na hatuombi stade mupya. Lakini kubandika tangazo haiombi feza. Kutangaza matokeo ya mutihani haiombi feza. Kupanga kalenda ili mechi isigonge mutihani haiombi feza.

Basi tunaomba mambo matano.

Moja. Kila mwanafunzi wa zamani aliye na cheo cha kuajiri: nafasi ikifunguka, tangazo liwekwe wazi kwa wiki mbili, kwenye milango ya universite zote za muji, kwenye redio na kwenye ofisi ya ONEM. Mutihani ufanywe, na alama zibandikwe.

Mbili. Kila kampuni inayotuma mukubwa wake kutuhutubia ije na hesabu ya staji za mwaka ule: ngapi, idara gani, kuanzia lini. Na mwenye kufanya staji apewe walau transporti na chakula cha muchana.

Tatu. Kila universite itangaze kila mwaka, idara kwa idara, wangapi kati ya waliomaliza mwaka uliotangulia wamepata kazi. Muzazi anayelipa minervali ana haki ya kujua anapeleka mutoto wapi. Na jambo la lisansi mbili liandikwe wazi.

Nne. Kalenda moja ya michezo kati ya universite zote za muji, wavulana na wasichana sawasawa. Pale wanafunzi wanapolipishwa feza za michezo, hesabu yake ibandikwe mahali wanapoisoma.

Tano. Sheria ya madini ya mwaka 2018 inalazimisha kampuni za madini kutoa walau 0.3% ya mauzo yao kwa maendeleo ya jamii zinazoguswa na migodi. Feza zile ni za vijiji vile, na hatutaki kuwanyanganya. Lakini vijiji vile vina watoto universite. Tunaomba wakati wa kuchagua miradi, staji za watoto wale na viwanja vya kuchezea viwe juu ya meza.

Na sisi tutafanya nini? Tutaandika kwa daftari kila tangazo litakalobandikwa, na kila nafasi tutakayosikia imejazwa gizani. Tutaisoma mbele ya watu, bila matusi na bila kumuchagua mutu kwa kabila ao chama. Memba wetu akiingia kazi kwa mulango wa nyuma, naye tutamuuliza sawa na wengine. Hatukuanza kusema ili wachache kati yetu wapewe viti na wengine wanyamaze.

Wakubwa wetu, tunawaheshimu. Wengi wenu mulitoka nyumba maskini kama zetu na mulifika sababu kuna mutu alifungua mulango. Mukutano ujao musije na hotuba tu. Kujeni na karatasi: nafasi ngapi, tarehe gani, mutihani wapi. Tutakaa kwenye viti vya mbele, na tutaomba karatasi ile isomwe kwa sauti.

Sisi vijana raia, Lubumbashi