Mifupa ya Mtwapa na Nasaba ya Mama

Mama mmoja msomaji wetu atuuliza: mfupa uliolala kaburini karne tano utatajaje nasaba? Wataalamu hupendelea mfupa mgumu wa fuvu uzungukao sikio la ndani, kwani huhifadhi vinasaba kuliko mingine, nalo joto letu la pwani huviharibu upesi. Hukerezwa katika chumba kisafi, wenyewe wamejifunika gubigubi, ukapatikana unga mchache. Vinasaba vya kale huwa vimekatikakatika na kuchakaa kwenye ncha. Uchakavu huo ndio shahidi kuwa si vya mtafiti aliyepiga chafya.

Hivyo ndivyo walivyopimwa watu 80 wa Mtwapa, Manda, Faza, Kilwa na kwingineko, matokeo yakatangazwa 2023. Kwa wengi wao, upande wa baba ulielekea Uajemi. Upande wa mama, takriban wote Afrika. Nasaba tuzitunzazo majumbani, twajua, hutaja akina baba.

Lakini wengi wa waliokerezwa ni marehemu waliozikwa Kiislamu. Sisi twaona wenyeji waombwe idhini kabla kaburi halijafunuliwa, na mifupa irejeshwe ardhini kwa heshima ya maziko.