Onyo la mvua lisikwame Kinshasa

Tarehe 4 Mei 2023 ilikuwa siku ya Alhamisi, siku ya soko kule Nyamukubi, katika teritware ya Kalehe. Mvua ilinyesha milimani, mito ikashuka na mawe na matope, Nyamukubi na Bushushu zikafunikwa. Watu zaidi ya 400 walikufa.

Tunarudilia ile siku kwa sababu ulizo letu lingali lile lile: kazi ya kuonya wakaaji ni ya nani?

Kutabiri hali ya hewa ni kazi ya METTELSAT, shirika la serkali lenye makao makubwa Kinshasa, chini ya wizara ya Usafirishaji. Hatusemi ni vibaya. Rubani anapashwa kujua upepo na mawingu mbele ya kuruka, njo maana kituo cha kupima utakikuta kwanza kwenye uwanja wa ndege. Lakini Nyamukubi haina uwanja wa ndege, na mama anayeuza mihogo chini ya mulima hapandi ndege.

Kuokoa watu nako ni kwa Protection civile, chini ya wizara ya Mambo ya Ndani. Misaada ni ya wizara ingine tena. Kila mumoja na mukubwa wake, na muhuri wake. Mvua haingoji sinyatire.

Tuangalie Goma. Watu wa OVG wanafanya kazi karibu na volkano yenyewe, na hali yake inaonyeshwa kwa rangi: kijani, manjano, machungwa, nyekundu. Ni kweli, tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ilishika watu ghafla, hakuna mwenye amesahau. Lakini rangi zile hata mutoto anazielewa, hazihitaji Kifaransa wala milimita.

Chombo cha kupima mvua si mashine ya kwenda mwezini. Tunaomba kiwe katika kila teritware yenye milima na mito, na mutu anayelipwa kila mwezi kwa kukisoma, mwenye ruhusa ya kuita redio ya pale na shefu wa kijiji mara moja, kwa luga yao, bila kungoja jibu la Kinshasa.

Waheshimiwa wabunge wa Kivu, bajeti ikifika mbele yenu, muulize minista: leo usiku, katika Kalehe, nani anapima mvua, na anapigia nani simu?