Mutuache tupige foto zetu wenyewe

Juzi tulizika mwenzetu mumoja hapa Misisi. Shimo lilimuangukia asubuhi, mwili ukatoka mangaribi. Familia ikatuuliza sisi watu wa sindika: muko na foto yake ya kuweka juu ya sanduku? Tukafungua simu zetu zote. Tulikuta foto za mikutano, foto za wakubwa waliokuja kutembelea karieri, hata foto za magari yao. Ya mwenzetu, hakuna. Mwishowe mama yake akaleta karte ya uchaguzi, tukaenda nayo Baraka kwa mupiga foto, akakuza ile sura ndogo mpaka ikawa kama moshi. Watu walifika kwenye kilio wakauliza: huyu njo nani?

Tangu siku ile hatuone tena haya mbele ya wale wanaotucheka juu ya kikundi chetu cha foto.

Muko mukijua kikundi chenyewe. Tuko wachimbaji, tuko na mama wanaotwanga mawe, tuko na vijana wanaosafisha muchanga kwenye maji, tuko na mwalimu mumoja. Kila mangaribi, kama rezo iko, kila mutu anatuma foto moja ya siku yake. Si foto za maneno makubwa. Sahani ya bugali na ndagala. Buti mbili zinakauka juu ya hema. Mutumbwi kule Baraka saa kumi na mbili asubuhi, ziwa limetulia kama mafuta kwenye sufuria. Siku moja mama mumoja alituma foto ya mikono yake kisha kutwanga siku muzima, mikono tu. Tukanyamaza wote. Kisha kijana akaandika: "Pole mama, kesho upumzike." Mama akamujibu: "Nikipumzika, ni wewe utalipa minervale ya batoto?"

Watu wanasema tunachoma mega bure. Wangejua tu taabu tunayoipata mbele ya foto moja kufika! Simu unaipeleka kwa mwenye jenereta, unalipa, unarudia jioni unakuta betri iko nusu kwa sababu esanse ilikwisha. Matope yanaingia kwenye kamera, foto zote zinatoka na ukungu kama asubuhi ya milimani. Mega zinakwisha wakati foto ingali inazunguka. (Na tuseme kweli: nusu ya foto zetu ziko na kidole cha mwenye kupiga.) Lakini taabu inayotuuma zaidi ni ingine. Feza ikikosekana tunauza simu, na karte memori inaenda ndani yake. Miaka miwili ya mutoto wako inaenda kwa mutu wa soko, naye anaifuta kusudi aweke muziki.

Sasa kuna mashimo ambamo simu yenye kamera haiingie kabisa. PDG wa shimo anasema foto inaleta maneno. Hatutaki kusema hana sababu hata moja. Tunakumbuka mwaka 2010. Wakati ule foto za karieri za Kivu zilikuwa zikizunguka Ulaya na Marekani: mutoto na gunia, askari na bunduki, na chini yake maneno ya damu. Mwezi wa Septemba Serikali ikafunga uchimbaji wa mikono katika Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Maniema, ikafungua tena Machi 2011. Katika ile miezi, nani alikuja kupiga foto ya chungu kisicho na moto? Hatusemi zile foto zilikuwa za uongo. Watoto walikuwa kule, na bunduki zilikuwa kule. Lakini mutu aliyetuona kwa foto zile peke yake alizani hatupikake, hatuoake, hatucheke. Mutu wa namna ile ni vyepesi kumufungia karieri.

Kwa hiyo sisi tunaona dawa yake si kukataza foto. Dawa ni kusudi tupige zetu, nyingi, za kila siku. Na PDG mwenye anaogopa, tumuulize bole bole: anaogopa maneno gani? Kama miti ya shimo lake imesimama vizuri, foto itamusifu. Kama imeoza, heri foto ituonyeshe mbele ya kuingia kuliko kuonekana nyuma.

Sheria ya madini, ile ya 2002 iliyorekebishwa 2018, inataka kila muchimbaji awe na karte yake na awe ndani ya koperative. Wengi wetu hatuna. Basi muchimbaji anaweza kufanya kazi miaka kumi, kutoka Lubichako mpaka hapa, na pasipo karatasi hata moja inayosema alipita.

Wa Katanga wametushinda hapo. Kuna mupiga foto wa Lubumbashi, Sammy Baloji, aliyechukua foto za zamani za wafanyakazi wa madini, za wakati wa ukoloni, akaziunganisha na foto za viwanda vya Gécamines vilivyokufa. Kazi ile, ya mwaka 2006, imeonyeshwa hata inchi za inje. Foto za zamani zilipigwa na wazungu kwa faida yao, hilo tunajua. Lakini sura zilibaki, na mutu wa kule anaweza kuuliza leo: babu yangu ni yupi kati ya hawa? Sisi wa Fizi, ni nani alitupiga? Che Guevara alipita kwetu mwaka 1965, alivuka ziwa kutoka Kigoma mwezi wa ine na akarudi kwa njia ile ile mwezi wa kumi na moja. Foto zake za wakati ule ziko mpaka leo. Na yeye mwenyewe, mbele ya kuwa mupiganaji, alikula kwa kupiga watu foto barabarani kule Mexico! Wazee wetu waliomubebea mizigo, foto zao ziko wapi?

Na zile chache zilizokuwa ukutani, vita ya 1996 na ya 1998 vilizimaliza. Tulipanda mitumbwi usiku kuelekea Tanzania na sufuria na watoto. Nani angebeba kadre? Tulipoanza kurudi kutoka kambi za kule Kigoma, wengine wetu hatukukumbuka tena sura za baba zetu.

Kitu kimoja tumekataza katika kikundi: foto ya maiti. Shimo likianguka, kuna wenzetu wanaokimbia na simu mbele ya kukimbia na chepe, na mama anapata habari ya mutoto wake kwa simu ya jirani. Tuliona Kamituga mwezi wa Septemba 2020, walipokufa watu karibu 50, na mambo yalivyozunguka. Foto ya mutu akiwa hai, anakula muhogo, anacheka, hiyo mutume hata kumi kwa siku. Na muandike jina na tarehe chini yake, kwa sababu kisha miaka mitano hata wewe mwenyewe utasahau.

Kama kuna mutu aliyefanya kazi na mwenzetu tuliyemuzika, hapa Misisi ao kule Kimbi, na iko na foto yake, hata ya mugongo, hata amefunga macho, ailete kwa biro ya sindika. Mama yake anaingoja.